Leso Haikufika Timboroa kwa Miguu

Kila wiki kuna mtu anakuja Biashara Street na simu yake kupiga video. Anaanzia upande wa Digo Road, anapita kwenye maduka ya leso, anasoma majina mawili matatu kwa sauti ya kuchekesha, anasimama mbele ya Kaderdina na kusema "hawa wameanza 1887", halafu anamalizia na kahawa. Mimi mwenyewe nimepiga video kama hizo tatu, na zilifanya poa. Sina ugomvi nazo.

Lakini kuna swali ambalo hakuna anayeliuliza kwenye video hizo. Robota la leso linatokaje hapa mpaka linafika kwa mama muuza nguo kule Eldoret au Nyahururu? Historia ya mtaa huu tumeisimulia kwa duka, kwa mwenye duka, kwa jina la leso. Dereva hayumo. Tanboi ndiyo kabisa, hata kwa bahati mbaya hatajwi. Hatua chache kutoka hapa iko Mwembe Tayari, na wazee wanatwambia jina lile limetokana na misafara ya wapagazi iliyojiandaa chini ya mwembe kabla ya kupanda bara. Wapagazi wamepewa angalau jina la mtaa. Watu wa pikapu hawajapewa kitu.

Badala yake wamepewa utani. Ami yangu amebeba leso za mtaa huu kwenda bara kwa zaidi ya miaka thelathini, na anasema kuna maneno aliyasikia kila mwaka, kuanzia Nakuru kwenda juu. Gari la Mombasa likikataa kuwaka asubuhi, watu wanakusanyika na chai zao mkononi na kucheka. Ati gari limezoea jua. Ati gari nalo limelala, ni mvivu kama mwenyewe. Watu wa pwani, si mwawajua.

Basi leo hakuna leso. Leo ni dizeli, baridi, na hayo maneno. Kwa sababu nimekaa na Ami, nimesoma, nimeuliza mafundi, na nimegundua kwamba gari lile halikuwa vivu hata kidogo. Lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni tamu kuliko utani.

Tuanze na pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma kwa nguvu mara kumi, halafu shika upande wa chini wa pampu. Imepata moto. Hukuwasha kiberiti wala hukuiweka juani. Umebana hewa tu. Hiyo ndiyo injini ya dizeli. Ya petroli ina plagi za kutoa cheche, dizeli haina. Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka inabaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi iliyokuwa nayo, hewa inapanda joto kupita nyuzi 500, na hapo noze inarusha dizeli laini kama marashi kwenye chetezo. Dizeli inawaka yenyewe. Kiberiti chake ni joto la hewa, hana kingine.

Sasa lifikirie lile dude la chuma limelala nje kwenye baridi usiku kucha. Hewa inaingia ikiwa baridi. Inabanwa, inapata joto, lakini kuta za silinda ni baridi na zinalinyonya lile joto kabla halijafanya kazi. Oili imekuwa nzito kama asali. Betri imelegea, kwa sababu betri kwenye baridi inapoteza nguvu. Kwa hivyo stata inaizungusha injini polepole, na ikizunguka polepole joto linapata nafasi zaidi ya kukimbia, na hewa inavuja pembeni mwa ringi. Yaani kila kitu kimekugeuka kwa pamoja. Dizeli inarushwa ndani, haiwaki, inatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe wenye harufu kali. Ule moshi mweupe si mvuke wa maji tu, ni mafuta yako unayatazama yakipaa bila kuungua.

Mombasa hatuyajui haya. Julai, ambao ndio mwezi wetu wa "baridi", usiku joto linazunguka nyuzi 20 na sisi tunatoa masweta. Mtu anatoka msikitini Alfajiri, anatia ufunguo, anazungusha, anaondoka. Bahari imeshamfanyia nusu ya kazi, bure.

Hapa nataka kuwachekesha kidogo. Aliyeivumbua injini hii, injini isiyo na kitu ila joto, alikuwa mtu wa barafu. Wallahi sitanii. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani, akasoma Munich kwa Profesa Carl von Linde, yule yule aliyeendeleza mashine za kutengeneza baridi. Akimaliza masomo, kazi yake ilikuwa kwenye biashara ya Linde huko Paris, kwenye mashine za barafu. Mtu aliyejifunza namna ya kuliondoa joto ndiye aliyekuja kugundua namna ya kulikusanya. Aliomba hataza mwaka 1892, akaipata 1893, na Agosti mwaka huo huo akaijaribu mashine ya kwanza Augsburg, ikapasua kipimo kilichofungwa juu yake. Ilimchukua mpaka 1897 kupata injini inayofanya kazi kweli, iliyogeuza kama asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa nguvu. Injini za mvuke za wakati ule hazikukaribia hapo.

Na wazo la kubana hewa mpaka itoe moto halikungoja Ulaya. Ng'ambo ya bahari yetu hii hii, kule Malaya, Java, Sumatra na Borneo, watu walikuwa na kijibomba kidogo cha mbao au pembe chenye kijiti kinachoingia kwa kubana, na ncha ya kijiti imewekwa unyasi laini mkavu. Unakipiga kwa kiganja mara moja, unakivuta haraka, unyasi umeshika moto. Diesel hakuokota kitu kipya angani. Alichofanya ni kukitia mafuta na kukizungusha mfululizo.

Lakini injini yake ilikuwa kubwa, imesimama ndani ya kiwanda, chini ya paa, haijawahi kulala nje kwenye umande. Yeye mwenyewe alitoweka usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa kwenye meli iitwayo Dresden akivuka kwenda Uingereza, na maiti yake ikaonekana baharini baadaye. Hakuwahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha lori la dizeli. Malori ya kwanza yalikuja 1923 na 1924, ya Benz na ya MAN. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu silinda ndogo inapoteza joto haraka kuliko kubwa, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Na Benz walikuwa na mtindo uliobuniwa na fundi wao Prosper L'Orange, wa kuichoma dizeli kwanza kwenye chumba kidogo pembeni mwa silinda. Mtindo mzuri, injini inatulia, haigongi sana. Lakini kile chumba nacho kina kuta zake, na kuta zake nazo zinanyonya joto.

Dawa ikawa ni kuweka ndani ya kile chumba kijiti cha chuma kinachopashwa na umeme wa betri mpaka kiwe chekundu. Mafundi wetu wanaita plagi za hita, wengine hita tu. Si plagi ya cheche. Kazi yake ni kukaa pale na kuwa moto, ili dizeli ya kwanza ipate mahali pa kuwakia. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, moja ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa watu, ilikuwa nazo. Na zilikuwa hazina haraka. Unawasha umeme wa plagi, unangoja. Unangoja tena. Wajerumani, watu tunaoambiwa kila siku wana haraka na nidhamu, walikuwa na utani kwamba ile ni dakika ya kimya ya kumkumbuka marehemu Rudolf Diesel. Mercedes za zamani zilikuwa na kijiwaya kidogo kwenye dashibodi nyuma ya wavu, kikianza kuwa chekundu unajua na plagi ndani zimeiva. Baadaye kikawa ni ile taa ya rangi ya chungwa yenye alama kama springi. Wengi wetu tunaiona kila siku na hatujawahi kuuliza ni ya nini.

Kwa hivyo mtu anapokwambia dereva wa dizeli anayekaa kimya na ufunguo mkononi ni mzembe, mwambie kungoja kule kulikuwa sehemu ya mashine. Kulitengenezwa kiwandani.

Kwetu huku, wazee wengi wa bara wanaikumbuka sauti ya dizeli kwanza kwenye mashine ya posho, si kwenye gari. Injini za Lister kutoka Uingereza, silinda moja, gurudumu zito pembeni. Zile hazikuwa na stata. Unainua kile kijiti cha juu ili hewa isibanwe, unazungusha hendeli kwa nguvu zako zote mpaka gurudumu lishike kasi, halafu unaangusha kijiti. Kama kasi ilitosha, tu-tu-tu-tu, inawaka. Kama haikutosha, unaanza upya na mgongo unauma. Kanuni ni ile ile: kasi ndiyo joto. Na nakala za Lister zilitengenezwa kwa wingi Rajkot, kule Kathiawar, upande ule ule wa Gujarati zilikotoka familia nyingi za maduka ya mtaa huu. Sijui kwa nini hakuna anayelitia hili kwenye video.

Pikapu zikaja. Miaka ya 1970 Kenya ilianza kuunganisha magari yake: General Motors Kenya iliundwa 1975 Nairobi (hiyo ndiyo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa), kukawa na Leyland Thika, na hapa Mombasa kukawa na Associated Vehicle Assemblers. Pikapu ya dizeli ikawa mguu wa biashara ndogo. Inakula kidogo, inabeba kupita kiasi ilichoandikiwa, na fundi wa kila kijiji anaijua.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikize, kwa sababu ndipo utani wa "gari vivu" unapovunjika.

Pikapu ya Mombasa na pikapu ya Nyandarua zimetoka mlango mmoja wa kiwanda. Zote zina plagi nne za hita. Plagi zile ni kama balbu, zinaungua moja moja kadiri miaka inavyokwenda. Ya Nyandarua ikiungua plagi mbili, mwenyewe anajua kesho yake asubuhi. Ya Mombasa? Hajui. Inaungua moja, gari linawaka. Ya pili, gari linawaka. Zikiungua zote nne gari linawaka vile vile, pengine na kamoshi kidogo tu, kwa sababu hewa ya Mombasa ina joto la kutosha. Betri nayo inachoka polepole na hujui, maana oili ni nyepesi na stata haipati kazi ngumu. Ringi zimelika, hujui. Yaani pwani inakuficha ugonjwa. Unatembea na mgonjwa ukidhani ni mzima. Kuna fundi mmoja, sitamtaja, aliwahi kuukata kabisa waya wa plagi kwenye gari la mteja akisema "huu wa nini, huku hauna kazi", na kwa miaka mitatu mteja akamsifu.

Halafu gari hilo linapakiwa marobota, linapandishwa Timboroa.

Timboroa iko juu ya mita 2,700, na kichekesho ni kwamba Ikweta inapita karibu tu na hapo. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi sita na nusu. Piga hesabu mwenyewe: ukitoa nyuzi 17 hivi kwenye usiku wa Mombasa, unabaki na ngapi? Na usiku ukiwa hauna mawingu, baridi inateremka zaidi mpaka nyasi zinaamka nyeupe. Isitoshe hewa yenyewe ni nyepesi, kama robo yake imepungua ukilinganisha na huku chini, kwa hivyo hata kinachobanwa ndani ya silinda ni kidogo. Hakuna mtihani mkali zaidi wa pikapu ya Mombasa kwenye barabara ile.

Ami alilala hapo usiku mmoja miaka ya 1990. Hakupanga. Walipata pancha mbili, giza likawakuta, yeye na tanboi wake, kijana wa Kilifi ambaye hakuwa na koti. Asubuhi kioo cha mbele kilikuwa kimepigwa umande mgumu. Akatia ufunguo, akapiga stata. Ikazunguka mara nne kwa uchovu, moshi mweupe, kimya. Akapiga tena. Mara tatu. Tena, mara mbili. Halafu tik, tik, basi. Na watu wa kibanda cha chai wameshatoka nje. Maneno ni yale yale. Mmoja akamwambia tanboi alitandike gari blanketi.

Aliyemsaidia alikuwa dereva mzee wa lori la viazi kutoka Molo. Hakucheka. Alifungua boneti, akaomba waya na balbu ndogo, akagusa plagi moja moja. Tatu zimekufa. Akamuuliza Ami, "Hizi zimekufa lini?" Ami akasema hajui. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Kwenu kuzuri sana. Kunawadanganya."

Walichofanya baadaye Ami anakisimulia kama mapishi. Betri ikafunguliwa ikapelekwa ndani ya kibanda, karibu na moto lakini si juu yake. Jiko la makaa likasukumwa chini ya kontena la oili, makaa yameshaiva hayana miali, mbali na mipira ya mafuta, na tanboi akawekwa hapo na mtungi wa mchanga asiondoke hata kwa chai. Nusu saa. Kitambaa kikachovywa maji ya moto kikazungushiwa bomba la kuingiza hewa. Betri ikarudishwa. Halafu wale wale waliokuwa wakicheka wakaombwa kusukuma, kwa sababu barabara pale ina mteremko. Gia ya pili, klachi chini, gari likashika mwendo, klachi juu. Likakohoa mara mbili, likashika. Moshi ulijaa barabara nzima. Walifika Eldoret saa sita mchana na mama mwenye leso alikuwa ameshakasirika.

Tangu siku hiyo Ami akilala popote kupita Nakuru alikuwa na taratibu zake. Anapaki pua ikitazama bondeni. Betri inalala chumbani kwake, karibu na kitanda kama mtoto. Na asubuhi anawasha swichi, anaiangalia ile taa, anahesabu. Anahesabu kama anavyohesabu leso za robota, kwa kidole, bila haraka. Taa ikizima anaongeza kidogo. Ndipo anapiga stata mara moja, ndefu, si kugonga-gonga. "Mwanangu, stata si kengele ya mlango," ndivyo alivyoniambia.

Sasa kuna dawa nyingine za baridi ambazo mtazisikia, na nyingine zitawaua, kwa hivyo nizitaje. Ya kwanza ni kupuliza etha au petroli kwenye mdomo wa hewa. Inawasha, ndiyo. Lakini kama plagi zako za hita zinafanya kazi, umepuliza kitu kinacholipuka juu ya chuma chekundu. Mafundi wamevunja pistoni hivyo, na wengine wamebabuka uso. Ya pili ni moto wenye miali chini ya injini. Wajerumani walilazimika kufanya hivyo Urusi, majira ya baridi ya 1941, injini za magari na vifaru vyao zilipogoma kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Warusi walikuwa na kifaru cha T-34, injini ya dizeli, na ndani yake kulikuwa na mitungi ya hewa iliyobanwa ya kuizungusha injini pale umeme unaposhindwa. Walijua nyumbani kwao kulivyo, wakajiandaa. Hilo ndilo somo la yule mzee wa Molo, ila kwa kiwango cha vita.

Ya tatu ni mafuta ya taa, na hii ina siasa. Dizeli ina nta ndani yake, na kwenye baridi kali sana nta ile inaganda, mafuta yanakuwa kama samli, filta inaziba. Baridi yetu ya Timboroa kwa kawaida haifiki huko, lakini Ulaya na Marekani ya Kaskazini inafika, na madereva wa zamani huko walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli ili isigande. Ilikuwa busara ya kawaida. Hapa Kenya kuchanganya kule kule ni wizi: mafuta ya taa yalikuwa rahisi, wajanja wakayatia kwenye dizeli wakauza kwa bei ya dizeli, na pampu za watu zikafa, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi vyuma vizuri. Mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usilipe. Aliyeumia ni mama wa Majengo mwenye jiko la stovu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Kioevu kimoja, kule ni dawa, huku ni jinai. Mimi nalifikiria sana hilo.

Mtoto wa Ami yuko Edmonton, Kanada, siku hizi. Alizaliwa na kukulia hapa mjini, mtu ambaye akiwa shule alikuwa akivaa sweta Juni kwa fasheni. Anaendesha pikapu ya dizeli ya kampuni ya ujenzi, na msimu wake wa kwanza wa baridi alipiga simu nyumbani baada ya Isha, kule ni asubuhi, nyuzi 30 chini ya sifuri. Gari halitaki. Hakumuuliza msimamizi wake kazini kwa sababu aliona haya, si unajua, Mwafrika mgeni na gari lake. Akampigia baba yake Mombasa.

Ami hajawahi kuona theluji maishani mwake. Aliuliza maswali matatu tu. Taa ya springi inawaka? Inawaka. Umengoja mpaka izime? Nimengoja. Basi huko wenzio gari zao wanazilaza vipi? Kijana akaangalia dirishani na ndipo akaona kile ambacho alikuwa akikipita kila siku: kila gari pale uwanjani lina waya unatoka mbele puani, umechomekwa kwenye soketi ya umeme ukutani. Hita ya kupasha injini usiku kucha. Kifaa hicho kina historia yake, mtu wa North Dakota kule Marekani aitwaye Andrew Freeman alikipatia hataza mwaka 1949 kwa kuchoka na asubuhi kama hizi. Jiko la makaa la Timboroa, ila la umeme. Gari la kijana lilikuwa na waya huo pia, umekunjwa ndani ya grili, hakuna aliyemwambia. Alichomeka, akangoja saa tatu, likawaka. Alichelewa kazini, lakini hakuna aliyemcheka, maana kule kila mtu ameshachelewa hivyo.

Pikapu za sasa zinakuharibia hadithi kidogo. Kompyuta inapima joto, inaamua yenyewe, plagi zinafika nyuzi 1,000 ndani ya sekunde mbili tatu, dizeli inarushwa kwa shindo kubwa moja kwa moja ndani ya silinda. Dereva kijana hajui hata kuna kitu kinangojewa. Sisemi ni vibaya. Ningekuwa na pesa ningeinunua kesho. Ila mtu asitumie gari hilo kumcheka aliyeendesha lile la zamani.

Ami ameuza yake mwaka jana. Macho yamepungua nguvu, na mwenye duka sasa anapeleka mzigo kwa makampuni ya vifurushi. Mnunuzi alikuwa mkulima wa karoti kutoka Ol Kalou. Kabla ya kumkabidhi, Ami aliipeleka gereji akataka plagi zote nne za hita zibadilishwe, na betri mpya. Binamu zangu walipiga kelele, pesa zinapotea bure, gari limeshauzwa, bei imeshakubaliwa. Hata fundi alishangaa. Akazungusha ufunguo mbele yetu sote, injini ikashika papo hapo, akamgeukia Ami na mikono wazi.

"Mzee, gari si lawaka? Wabadilisha ya nini?"

Ami akamwambia, "Lawaka hapa."

Fundi akazifungua. Mbili zilikuwa zimekufa.